Siku za Kungoja Mtakula Nini?

Kwetu Malindi dunia imekwisha mara nyingi. Ilikwisha usiku wa kuukaribisha mwaka 2000, tulipokesha makanisani huku tukiitazama taa ya umeme kama itazimika saa sita. Ilikwisha tena Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, bahari ilipokupwa na kujaa kwa saa isiyo yake. Tsunami ile iliua mamia ya watu Somalia, na Kenya ikamchukua mtu mmoja, lakini jioni ya siku hiyo kila kituo cha matatu kilikuwa na mhubiri wake. Ikaja ikaisha mwaka 2019, serikali ilipotuita tukasajiliwe Huduma Namba. Watu waliokuwa wametembea miaka yote na namba ya kitambulisho, namba ya KRA na namba ya NHIF bila wasiwasi wowote waligundua ghafla kwamba namba ni alama ya mnyama. Baada ya hapo nzige, kisha korona, iliyofunga makanisa Machi 2020 na mwezi uliofuata ikafunga njia za kuingia na kutoka Kilifi. Kisha ukame, misimu mitano ya mvua ikikosa mfululizo, hadi ukipita Ganze au Magarini unahesabu mbavu za ng'ombe ukiwa barabarani.

Siyasemi haya kwa kejeli. Mimi ni mwalimu mstaafu, Mwanglikana, na kila Jumapili nasimama na wenzangu kukiri kwamba Kristo atarudi. Naliamini jambo hilo. Nafundisha watoto wa shule ya Jumapili waliamini. Kwa hiyo mtu akiniambia dunia inakwisha simcheki. Namuuliza swali ambalo hawe yangu, bibi mzaa baba, alimuuliza shangazi yangu mwaka 1999, nami nikiwa nimesimama pale na ndoo ya maji mkononi.

Shangazi aliishi upande wa Kakoneni, karibu na mto Sabaki. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipofurika, zilileta na homa zake, na shangazi akamzika kitinda mimba wake. Msiba huo haukuliliwa vya kutosha. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaenda, na ukoo ukarudi kwenye mambo yake, kwa sababu mwaka ule kila boma lilikuwa na kaburi bichi na hakuna aliyekuwa na machozi ya kumkopesha mwenziwe. Basi alipofika mhubiri mmoja msafiri, na jenereta lake, na kitambaa kikubwa kilichochorwa mnyama wa vichwa saba, shangazi alikuwa mtu wa kwanza kukaa mbele. Mhubiri alisema mwisho ni tarehe 31 Desemba. Alisema pia, na hili ndilo lililomshika shangazi, kwamba siku hiyo kila mama atakabidhiwa mtoto wake mkononi.

Aliuza mbuzi. Akauza cherehani. Akaja kumuaga mama yake.

"Mama, Yesu yuaja."

"Najua," hawe akasema. "Namngoja tangu nibatizwe Jilore. Na siku hizo za kungoja mtakula nini?"

"Mhubiri amesema Mungu atatupa."

"Haya. Chukua na muhogo huu, apate pa kuanzia."

Shangazi akacheka, mara ya kwanza tangu azike, na akauchukua ule muhogo. Akaenda zake kwenye boma la mhubiri upande wa Gongoni. Hawe akarudi shambani. Hakuwa na shaka yoyote kwamba mwisho unakuja. Mwanamke yule alikuwa amelipia chama cha mazishi hadi senti ya mwisho na leso ya kuzikiwa aliiweka kwenye sanduku. Ila aliona kwamba kama Bwana atakuja siku ya kupalilia basi atamkuta anapalilia, na haoni kwa nini hilo limuudhi.

Januari ilipoingia, mhubiri alitangaza kwamba Mungu ameongeza siku. Wiki chache baadaye yeye mwenyewe hakuonekana, na fedha za mbuzi hazikuonekana. Shangazi alirudi jioni, kwa miguu, amekonda, amejifunika leso hadi machoni. Nakumbuka baba alifungua mdomo aseme kitu, na hawe akamkata: "Kuna sima na mchicha. Mpeni dada yenu nafasi." Hakuna aliyemhubiria. Asubuhi hawe alimwonyesha mbuzi jike mmoja zizini akamwambia huyu ni wako. Cherehani haikurudi.

Miezi michache tu baadaye, tulisikia redioni habari za Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada, milango na madirisha yamepigiliwa misumari. Kundi lile, la kina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, lilikuwa limewaambia watu wake vilevile kwamba dunia inaisha na mwaka 1999. Tarehe ilipopita bila kitu, watu waliokuwa wameuza mashamba walianza kudai mali zao. Baadaye ikapatikana miili mingine mingi kwenye mashimo katika nyumba za kundi hilo. Nimelifikiria sana jambo hilo. Siku ya kutisha hasa kwa mtu aliyetabiri mwisho ni ile inayofuata, kunapokucha jua likawa lilelile na wafuasi wakauliza habari za mbuzi wao. Mhubiri wa shangazi alitoroka. Leo naona kutoroka kwake kulikuwa neema.

Na tarehe ikipita, si lazima iishie kwenye moto. William Miller, mkulima wa Marekani, alikuwa na maelfu ya watu waliongoja kurudi kwa Kristo tarehe 22 Oktoba 1844. Kulipokucha, walilia kama watu waliofiwa. Wengine waliacha imani kabisa. Lakini miongoni mwa waliobaki walitokea Waadventista wa Sabato, na warithi wa watu hao waliongoja wingu ndio waliokuja Kenya mwaka 1906, wakajenga Gendia, karibu na Kendu Bay, na pale pakakua shule na hospitali. Bado wanangoja. Wanangoja huku wakiwadunga watoto chanjo.

Mwaka huohuo wa 1844, huku Wamarekani wakihesabu siku, Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosina mjamzito. Julai Rosina alikufa, na mtoto wake mchanga akamfuata. Mtu akitaka sababu ya kutangaza kwamba dunia imekwisha, Krapf alikuwa nayo. Kazi aliyokuwa ameianza mwezi mmoja kabla ya kuzika ilikuwa kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akaiendeleza. Miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann walipanda Rabai, ambayo leo iko katika kaunti yetu ya Kilifi, na kwa miaka mingi hawakupata waumini ila wachache mno; Mringe, mlemavu aliyekuwa akielekea kufa, ndiye wa kwanza kukumbukwa. Wamisionari wale walikuwa na makosa yao na vitabu vimeyaandika. Lakini napenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba Uanglikana wa kaunti hii ulianza na mtu aliyezika, akashika kalamu.

Sasa nifike Shakahola, ingawa mkono wangu hauendi kwa wepesi.

Paul Nthenge Mackenzie aliwahi kuendesha teksi mjini Malindi kabla ya kuanzisha kanisa lake la Good News International mwaka 2003. Alikuwa na jengo Furunzi, alikuwa na televisheni, na mahubiri yake yalifika mbali kuliko sauti ya kengele ya kanisa letu. Alihubiri kwamba shule haimo kwenye Biblia na hospitali ni kutomwamini Mungu. Mwaka 2017 alishtakiwa kwa mambo hayo ya watoto na shule, akatoka. Huduma Namba ilipokuja akaipinga kama alama ya mnyama. Mwaka 2019 alifunga kanisa akisema kazi aliyopewa imeisha, na akahamia msituni Shakahola, kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini ukifuata barabara ya Tsavo, penye ekari zipatazo 800 za vichaka vya miba ndani ya ranchi ya Chakama. Wafuasi walimfuata kutoka kila pembe ya Kenya. Waliuza vitu vyao, wengi wakanunua viwanja kule, na vitongoji wakavipa majina ya Nazareti, Bethlehemu na Yudea.

Nikisikia habari za viwanja vile huwa namkumbuka nabii Yeremia, aliyenunua shamba Anathothi wakati Yerusalemu imezingirwa na kila mwenye akili anauza. Alilinunua, akaandika hati, akaiweka ndani ya chombo cha udongo ili idumu, kwa kuwa aliamini watu watalima tena pale. Hawa walinunua ardhi ya kufia. Na siwalaumu wanunuzi.

Waliotoka walisimulia kwamba kufunga kulikuwa na zamu: watoto watangulie, wafuate wanawake, kisha wanaume, na mchungaji mwenyewe awe wa mwisho. Machi 2023 alikamatwa kwa sababu ya vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Katikati ya Aprili polisi waliingia msituni na kukuta watu wamebaki ngozi na mifupa, wengine wakafa njiani kuelekea hospitali. Tarehe 21 Aprili wakaanza kufukua. Hesabu ilipanda kila jioni kwenye taarifa ya habari hadi ikapita 400. Uchunguzi wa miili ulionyesha njaa, na kwa baadhi yao, wakiwamo watoto, dalili za kunyongwa au kuzibwa pumzi. Mackenzie na wenzake walishtakiwa mwaka 2024 kwa mauaji, kuua bila kukusudia, ugaidi na mengineyo. Wamekana. Hukumu ni ya mahakama. Mimi nina la kusema kuhusu mafundisho, maana mafundisho ni kazi yangu.

Lakini kwanza niseme habari za chai.

Chumba cha maiti cha hospitali ya Malindi kilijaa, yakaletwa makontena ya baridi. Shirika la Msalaba Mwekundu likaweka dawati la kusajili waliopotea, na jamaa wakaanza kushuka kutoka bara: Nyanza, Magharibi, Bonde la Ufa, watu ambao hawakuwahi kuiona bahari na waliofika Malindi bila kuitazama. Walikaa chini ya miti na picha mikononi, wakisubiri kutolewa vipimo vya DNA. Akina mama wa kanisa letu tulibeba masufuria, tukapika chai na mahamri. Hatukuwa na mpango wowote wa maana zaidi ya huo.

Palikuwa na mzee mmoja aliyevaa koti zito la bara, jasho linamtiririka. Nilimpelekea kikombe.

"Mzee wangu, karibu chai."

Akakitazama kile kikombe. "Mama, wajukuu wangu wamekufa njaa. Mimi ninywe chai ya maziwa?"

Nimefundisha darasani maisha yangu yote, na maneno hayajawahi kunikauka namna ile. Nilibaki nimesimama na kikombe. Akaniona nilivyo, nadhani akanihurumia yeye.

"Kama kuna turungi," akasema, "nitakunywa."

Nikamletea turungi, bila maziwa, sukari kidogo. Akanywa yote. Alikuja siku zilizofuata pia, na kila mara alikunywa turungi, na mahamri aliyafunga kwenye karatasi akampa kijana aliyekuja naye. Sijui kama aliwapata wake. Miili ya kwanza iliyotambuliwa ilikabidhiwa jamaa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye, na siku hiyo sikumwona.

Nilipomsimulia shangazi, ambaye sasa ni bibi mwenyewe na bado anaishi Kakoneni, alinyamaza kwa muda huku akichambua mtama. Kisha akasema bila kunitazama: "Mwaka ule, lau mhubiri wangu angetuambia tusile, nisingekula."

Nikamwambia haiwezekani, yeye ni mtu wa akili.

"Akili ilikuwa kaburini," akasema. "Aliniambia nitapewa mtoto wangu. Ungekuwa wewe, ungeshika sima?"

Kauli hiyo ilinifundisha kuliko makala zote nilizosoma wakati ule. Mijini watu waliulizana: wajinga gani hawa? Magazeti yakaandika kwamba walikuwamo wasomi na wenye kazi nzuri, na watu wakashangaa zaidi. Shangazi hakushangaa. Alijua kwamba anayeuza tarehe ya mwisho huiuza kwa aliyefiwa, aliyeachwa, mwenye deni, aliyechoka. Na alijua jambo la pili, ambalo hawe alilifanya bila kulisema: mtu akirudi kutoka huko, kitu cha kwanza apewe sahani. Swali baadaye. Ni wangapi wa Shakahola waliokuwa wametukanwa na ndugu zao, wakaambiwa usirudi hapa na kanisa lako hilo? Tuliwaziba njia ya nyuma, na mbele palikuwa na msitu.

Ndipo nilipoanza kuisoma Biblia yangu upya, nikitafuta chakula.

Kimejaa kila mahali. Yesu alipomwinua binti wa Yairo, msichana wa miaka kumi na miwili, watu wazima wote chumbani walipigwa bumbuazi, na neno alilowaachia ni kwamba mtoto apewe chakula. Alipofufuka, wanafunzi wakidhani wanaona mzimu, aliomba chochote cha kula akala kipande cha samaki mbele yao. Kwenye mwisho wa Injili ya Yohana anawasha makaa ufuoni alfajiri na kuwaita wavuvi waliokesha bure waje wafungue kinywa. Mtu wa Shela au Mayungu hahitaji kuelezwa harufu ya asubuhi ile. Paulo, aliyeandika mengi kuhusu siku ya mwisho, alikuwa katika jahazi lenye watu 276 wakipigwa na dhoruba, siku kumi na nne hawajala kitu. Mwisho wa dunia wa kweli ungefanana na usiku ule. Alichofanya ni kuwasihi wale, akatwaa mkate, akashukuru, akaanza kula mbele ya wote. Na Wathesalonike, waliosikia kwamba Bwana yu karibu wakaacha kazi, aliwaandikia kwa ukali warudi kazini.

Barua yake ya kwanza kwa watu haohao aliwaandikia pia kwa sababu ya wafu wao. Walikuwa wamezika wapendwa na wanaogopa kwamba watakosa siku ile. Hakuwapa tarehe hata moja. Aliwaambia wafu hawakupotezwa, watakutana, na wafarijiane kwa maneno hayo. Shangazi alipaswa kusomewa maneno hayo mwaka 1998, pembeni ya kaburi, na mtu wa kanisa lake, polepole, zaidi ya mara moja. Hakusomewa. Alisomewa mnyama wa vichwa saba.

Mtu ataniuliza, na kufunga je? Sisi wa Malindi hatuhitaji kwenda mbali. Jirani zangu Waislamu wanafunga mwezi mzima kila mwaka, na tangu utotoni najua kwamba mtoto mdogo hafungi, mgonjwa hafungi, na magharibi ikiadhiniwa mtaa mzima unanukia uji wa pilipili manga na mbaazi za nazi. Kwaresima yetu nayo ina Pasaka mbele yake. Isaya alisema wazi kwamba saumu impendezayo Mungu ni kumgawia mwenye njaa mkate wako: chakula unachojinyima kinakwenda kwenye sufuria ya mtu mwingine. Saumu isiyo na saa ya kufungua, tena inayoanzia kwa mtoto, sijui ni ya dini gani.

Kilichoniuma baadaye ni habari ya waliookolewa. Juni 2023, watu 65 kati yao walifikishwa katika mahakama ya Shanzu kwa shtaka la kujaribu kujiua, kwa kuwa walikuwa wakikataa kula kwenye kituo cha uokoaji Mtwapa. Naelewa kwamba maofisa walikuwa wamechanganyikiwa. Mtu hawezi kukaa akiangalia watu wanakufa mbele ya sahani iliyojaa. Hata hivyo nilitamani kwamba mbele ya hakimu angekuja kwanza mtu wa aina ya hawe, asiye na cheo, mwenye muhogo na subira ya kukaa kimya mkekani.

Makanisa yetu yalifanya nini baada ya hapo? Mengi yaliacha kuhubiri kurudi kwa Kristo. Nawaelewa wachungaji, kila aliyetamka neno "mwisho" mwaka ule alitazamwa kama mtuhumiwa. Lakini kunyamaza kwetu kulimwachia uwanja yeyote mwenye spika. Ndiyo sababu mwaka 2024 niliomba ruhusa ya kusoma kitabu cha Ufunuo na vijana, jioni moja kwa wiki, sura kwa sura, bila kuruka.

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, hata waendesha bodaboda waliokuja na helmeti zao. Mmoja aliniuliza mapema kabisa: "Mwalimu, na Mackenzie naye si alisoma hii hii?"

Nikasema ndiyo, hii hii. Tukaanza kuangalia nini kinaachwa mtu anaposoma kwa haraka ya kutisha. Yohana aliandika akiwa amefungiwa kisiwani Patmo, akiwaandikia watu wa makanisa saba walioonewa na dola, ili wasikate tamaa. Wanyama wapo, farasi wapo, mapigo yapo. Lakini endelea hadi kurasa za mwisho na utaona kwamba hakuna anayekimbilia msituni wala anayeikimbia dunia. Mji ndio unaoshuka, unakuja huku tuliko. Ndani yake kuna mto, na kando ya mto mti unaozaa matunda kila mwezi, na majani yake ni ya kuponya mataifa. Dawa na chakula. Kitabu walichotumia kuwanyima watoto hospitali na uji kinaishia kwenye mti wa matunda na dawa.

"Sasa wale msituni walifuata nini?" yule kijana akauliza.

Kabla sijajibu, mama mmoja kijana aliyekuwa amembeba mtoto mgongoni akasema: "Walifuata kutosumbuliwa. Kodi. Karo. Deni la chama. Mtu akikwambia njoo mahali ambapo hakuna mambo hayo, na Yesu yuko, unaenda." Darasa lilinyamaza, na jioni hiyo hatukufika sura iliyokuwa imepangwa. Tulizungumza habari za karo.

Agosti 2025 wafukuaji walirudi, safari hii Kwa Binzaro, kijiji kingine cha Chakama. Walitoa zaidi ya miili 30. Wengi tulikuwa tumejiambia kwamba Shakahola ni jambo la juzi, limepita na aliyelianzisha yuko ndani. Wiki ile darasa lilikuwa na hasira, na hasira nyingine ilinielekea mimi: Mwalimu, sisi tunasoma majani ya mti, na huko watu wanazikwa. Walikuwa na haki. Tukakubaliana kwamba tutaandika majina ya wote waliopotea kanisani kwetu bila kuaga, tangu korona, na kwenda kuwatafuta nyumbani mmojammoja, hata kama tumegombana nao, hata kama wanatudai. Hatutakwenda na traktati. Tutabeba unga na sukari, na kama kuna aliyefiwa tutakaa.

Orodha ilitutia aibu kwa urefu wake. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Maweni, mjane, ambaye hakuna aliyekuwa amemwona tangu makanisa yafunguliwe tena. Tulikwenda watatu, tukiwa tumejitayarisha kwa lolote, mmoja wetu amebeba namba ya simu ya chifu. Alitufungulia mlango amenenepa, akatukaribisha soda baridi, akapokea unga wetu kwa mshangao. Akatuambia alihamia kwa Wapentekoste wa mtaa wa pili, kwa kuwa wao ndio waliomzika mumewe wakati wa korona, sisi hatukutokea. Anaimba sauti ya pili. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kwaya yao ni bora kuliko yetu, na kwamba Alhamisi wana mazoezi, tunaweza kuja kusikiliza kama hatuamini.